Kosa la Milimita Nne

Barua ilisema: nyinyi mlete lipiko moja,
sisi tutaleta sahani moja ya kauri,
miezi sita kwa miezi sita, bima kila mtu na yake.
Mimi sikuandikiwa barua. Niliambiwa tu:
Nankoma, tengeneza kasha.

Lipiko lililazwa juu ya blanketi, mezani kwa Bi Somoe Likongo,
msimamizi wa makumbusho yetu ya vyumba viwili, hapa Mikindani.
Akalijazia fomu kama mgonjwa wa wodi:
Ufa, mmoja, chini ya sikio la kushoto.
Chale za nta, kumi na moja, na alama ya moja iliyobanduka.
Nywele: za binadamu.
Fomu haikuuliza ni za nani.
Bi Somoe akainua kalamu, akanitazama,
maana lipiko lilitoka Nanyamba, kwa wajomba zangu,
na mwaka lilipochongwa mama mdogo alinyolewa matangani.
Nikasema, andika hivyohivyo. Za binadamu.

Thamani yake?
Wajomba walicheka mpaka wakakohoa.
Mmoja akasema, andika magunia ya korosho.
Mwingine akauliza: ya msimu upi?

Kasha nililipiga kwa mbao za mkorosho uliokoma kuzaa.
Zilichomwa joto hadi kwenye kiini, zikagongwa mhuri,
mdudu wa kwetu asije akasafiri bila pasipoti.

Sahani ilikuja na msindikizaji, Bi Kuramochi, mwenye glovu nyeupe.
Siku mbili nzima hakufungua,
ati chombo kizoee kwanza hewa ya Mikindani.
Hewa ambayo sisi wenyewe
hatujaizoea.

Ilipofunguliwa: buluu juu ya weupe,
ua moja, na ndege aliyelipa ua kisogo.
Watoto wa shule walipita kwa mistari.
Binti wa Chilumba akasema kwa sauti,
"Mbona hii bibi anafunikia uji?"
Mwalimu akamkata jicho.
Bi Kuramochi akaomba atafsiriwe,
kisha akaomba kujua bibi anakaa wapi.

Kesho yake tulimpeleka kwenye makaburi ya kale,
yale yenye matundu ya duara kwenye chokaa,
mahali pa sahani zilizong'olewa zamani
na watu wasiojaza fomu.
Akavua glovu moja. Akatia vidole ndani ya tundu.
Hakusema neno, nami sitamsemea.

Miezi sita ikaisha. Lipiko likarudi.
Bi Somoe akahesabu: ufa uleule, chale kumi na moja,
nywele hazikupungua wala kuota.
Lakini kasha langu halikurudi.
Poleni, ilisema barua, liliingia maji bandarini.
Lilikuja jingine, la mbao nyeupe, nyepesi,
lenye harufu kama ya ganda la limau lililokaa juani,
na halina hata msumari mmoja:
pembe zimeumana zenyewe kwa zenyewe, kama meno.

Watu walilizunguka lipiko wakipiga picha.
Mimi nilibaki na kifuniko.

Kwa ndani, kwa penseli, tarakimu zao na zetu ni zilezile:
112, imekatwa.
Kando yake, kwa mkono uliokasirika, 116.
Chini ya ukingo, kipande chembamba kama ukucha
kimegandishwa kuziba aibu.

Nalijua kosa hilo.
Umepima mara mbili, mtu anapita anakusalimu,
unaitikia, na msumeno umeshaanza.

Mimi nami niliacha la kwangu:
kabari ya msaji, kitakoni mwa lile kasha lililolowa.
Sijui kama kabla ya kulitupa
kuna mtu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi,
aliyelipindua akacheka peke yake.

Bi Somoe anataka kasha liingie stoo, lipewe namba.
Nimemwambia asubiri.
Bado nalipima.