Mshumaa Kwanza

Kwetu Kaheti hakuna anayeshuka mtungini
kabla mshumaa haujashuka.
Ndiyo amri ya Mwalimu Guliko kila Oktoba,
zabibu zikishakamuliwa, mikono ikinata,
nyigu wakilewa juu ya makapi.

Mitungi yetu ya divai imezikwa hadi shingo.
Mtu mzima husimama ndani, hata kofia isionekane.
Huisugua kwa brashi ya gome la mcheri,
na huku anaimba,
ili walio juu wajue yu hai.

"Mtungi mtupu," alisema Shakro, mumewe,
mwaka ule theluji ilipowahi,
"una nini cha kuogopwa?"
Akavua viatu. Akashuka.
Wimbo ulifika ubeti wa pili.

Saa ileile Guliko alikuwa darasa la saba, chaki mkononi,
akizitaja gesi kama mtu anayewasengenya majirani:

haidrojeni, nyepesi kuliko zote, kichwa maji,
ionyeshe kijiti cha moto, italia pwa!
na kukuachia umande kwenye kioo;

oksijeni haiungui yenyewe, ni mchochezi,
hukaa kando ikitia maneno
mpaka kuni zishikane mashati;

naitrojeni ndiyo umati,
katika kila mafungu matano ya pumzi yako
karibu manne ni yake,
yaingia, yatoka, haijachukua kitu, haijaacha kitu;

heli na argoni, mamwinyi hao,
hawaposi wala hawaposwi;

amonia utaijua kabla hujafungua zizi;

klorini ina umanjano wa kijani, inachoma koo,
lakini angalau hupiga hodi;

na ile ya jikoni haikuzaliwa na harufu,
watu wameitia uvundo makusudi
ili ikivuja ijitangaze.

Akafika kwa kaboni dioksaidi.
Haina rangi, akaandika. Haina harufu.
Nzito kuliko hewa, mara moja na nusu.
Huzima moto.
Tedo, wa dawati la nyuma, akanyoosha mkono:
"Sasa, mwalimu, mtu ataijuaje?"

Mlango ukafunguliwa kabla hajajibu.

Sisi wa darasa lile tuna mvi sasa,
na jibu la Tedo tunalipokea kila mwaka, uani.
Guliko hufunga kipande cha mshumaa kwenye waya,
akakishusha polepole, midomo ikihesabu.
Shingoni mwa mtungi mwali unasimama wima.
Tumboni unainama, unapungua, unakuwa ushanga.
Kisha hakuna.
Na moshi wake hauzami:
unalala juu ya kitu tusichokiona,
unatanda kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Simba mwendapole ndiye mla nyama.
Huyu hata nyayo hana.

Wala si mgeni. Ndiye tunayemtoa puani usiku kucha
kwenye mto wa mke au mume,
ndiye anayeitekenya divai changa ulimini.
Kosa lake ni uzito tu:
hujua kutulia mahali pa chini na kungoja.

Basi Guliko huchukua ndoo.
Huishusha tupu, huivuta tupu,
huenda kuimwaga mbali, mtelemkoni, penye nyasi,
kwa uangalifu wa mtu aliyebeba uji wa moto.
Ndoo ya kumi. Ndoo ya thelathini.
Mjukuu wangu alicheka mwaka huu: "Bibi anateka nini?"
Nilitaka kumweleza, nikaona nimpe ndoo ya pili.

Mshumaa tena.
Safari hii ulifika chini, ukabaki,
ukamulika michirizi ya chokaa
na kokwa moja ya zabibu iliyosahauliwa.

Kijana wa Tedo akavua viatu, akashuka, akaanza kuimba,
sauti mbaya kweli, inapanda kama ya mtu aliye ndani ya kengele.
Tulimletea Guliko kiti.
Hakukikalia.
Alisimama pale, mkono mmoja kwenye waya,
ubeti wa kwanza,
ubeti wa pili,

ulipoanza wa tatu
akakaa.