Kisanduku cha Cheyo

Hakina dirisha. Unakipa neno,
kinakurudishia namba, sifuri hadi kumi,
halafu kinanyamaza kama karani wa mizani
aliyekwisha kupima tumbaku yako
na hana haja ya kukueleza.

Tulianza na la nyumbani: asali.
Mbili.
Nyuki, sifuri. Mzinga, tisa.
Kalunde akacheka: kinapenda nyumba, hakipendi wenyeji.

Ngoma, tisa. Kengele, nane.
Lugusha akaruka na kiti chake cha plastiki:
"Ni ng! Hamsikii? Mzinga, ngoma, kengele.
Herufi tu, tunahangaika bure."
Akaandika kwa wino, akapiga na mstari.
Kalunde hakubishana. Akakipa nanga.
Sifuri.
Mchanga. Sifuri.
Akakipa pipa, lisilo na ng hata ya kukopa:
tisa na nusu.
Mstari wa wino ukabaki pale, unaona haya.

Usiku treni ya Kigoma ikapita, vikombe vikatetema,
nami nikapata langu: sauti.
Ngoma inalia, kengele inalia,
mzinga, ule wa vita, unalia na mtu anaanguka.
Na debe? Tisa.
Debe tupu haliachi kuvuma, nikajisemea,
nikalala kama mtu aliyelipwa.

Asubuhi Kalunde akaniuliza:
umekipa neno lipi likukatalie?
Sikuwa nalo hata moja.
Radi: sifuri. Kelele: moja.
Kibuyu, kama kile cha jikoni kwao Isevya
ambacho miaka yote hakijamjibu mtu: tisa.

Basi tukapunguza mwendo,
kama mrina asali agongaye gome la mtundu
kwa kifundo cha kidole, sikio karibu,
kabla hajapandisha moshi.
Mwanzi, tisa. Jiwe, sifuri. Yai, moja.
Gunia, mbili; kumbe si kila kinachojazwa.
Ni chenye nafasi ndani
na ukuta wa kuilinda.
Mfupa, nne. Hapo tukatazamana.

Ahadi, akaandika Lugusha kwa mzaha.
Tatu.
Hakuna aliyewahi kucheka.

Sanduku: nane.
"Kimejijua!" nikasema.
"Kimejibu," akasema Kalunde,
akaendelea kuchonga penseli.

Daftarini kuna mwandiko wake mdogo:
Huenda ni uwazi wa ndani. Mfupa bado.
Huenda ameipigia mstari mara mbili.

Lugusha anataka tujaribu moyo.
Kalunde amekataa katakata
mpaka tukubaliane kwanza ni upi,
ule wa bucha la Kachoma, wenye vyumba vyake vinne,
au ule wa kwenye barua;
la sivyo, anasema, namba itatoka,
na kila mmoja atarudi kwao
na jibu lile lile alilokuja nalo.