Mishahara Mitatu

Nina mishahara mitatu.
Wa kwanza ni wa Mama: elfu thelathini na mbili,
huvaa kandambili, hukohoa kidogo kwenye simu,
"Mambo magumu, Mama, ila Mungu yupo."
Wa pili ni wa akina Nyaboke, wenzangu wa chama;
huo una visigino, huagiza samaki mzima
bila kutupia bei jicho.
Wa tatu unajulikana na wawili tu:
mhasibu, asiyenijua kwa sura,
na simu yangu, ambayo huilaza kifudifudi.

Jumapili tulikutana Umoja, kwa Mama,
viti vya plastiki vya kuazima,
kwa sababu ya bili ya Mjomba Nzioka.
Mjomba alipona wiki mbili zilizopita.
Amekaa tu wodini, mzima, ananyoa ndevu,
akingoja tulipe ndipo lango limwachie.

Daftari likazunguka, la kurasa tisini na sita,
lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Kila mtu alikinga kwa kiganja
kama mtoto wa darasa la nne anayeogopa kuibiwa jibu,
lakini kwanza alisoma la mwenzake.
Nikaandika elfu tano. Nikaongeza kikohozi.
Shangazi Kavata akanitazama viatu.

Kithome, kitinda mimba wetu, hakukinga kitu.
Elfu ishirini. Akapiga mstari chini, mara mbili.
Mama akafumba macho, akasema:
"Nimezaa."

Jikoni maji yalikuwa ya mtungi; mfereji huja Jumanne.
Mimi naosha, yeye anasuuza, kama zamani.
"Ndunge," akaiambia sahani, si mimi,
"una ishirini ya kuniazima?"
Nikacheka.
Tangu Machi, akasema. Walibadilisha kufuli usiku.
Kila asubuhi hufunga tai, hushuka mjini,
hukaa bustani ya Jeevanjee mpaka saa kumi na moja
ili mkewe asikie ufunguo mlangoni wakati uleule.

Kumbe tulikuwa tunapishana ngazini,
mimi nikishuka na uongo wangu, yeye akipanda na wake,
bila hata kusalimiana.

Nikapangusa mikono. Nikamtajia.
Wa tatu wote, kabla ya makato na baada,
hadi shilingi zake za mwisho.
Sikuwa nimewahi kuisikia namba ile kwa sauti.
Ilitoka ndogo kuliko nilivyoificha,
na bado sikuweza kumtazama usoni.

Kithome akasuuza kikombe kilekile mara tatu,
maji yenyewe ya kuhesabu.
"Na Mjomba," akasema polepole, "umempa tano."

"Nyinyi wawili mnanong'ona nini huko?"
Mama, sebuleni. "Leteni chai!"

Nikabeba trei, vikombe kumi na vitatu.
Daftari lilikuwa wazi mezani,
na ile tano yangu mstari wa saba,
nzima kabisa,
imekaa tu.