Jina Lililoitwa Miaka Kumi na Moja

Tartu, Februari, saa tatu za usiku,
na Maarika bado hajavua koti.
Kipasha-joto cha ofisi kimekufa tangu Jumanne,
na sisi, cheka ukitaka, kazi yetu ni joto:
tunaunda vidhibiti vya nyaya
zinazoyeyusha barafu kwenye ngazi za madaraja.

Mfumo wetu una machaguo elfu sita.
Kila chaguo lina jina, kila jina lina faili lilimozaliwa,
na kabla programu haijajengwa
huulizwa mojamoja: upo? haupo?
Ndiyo, huingia.
Hapana, huachwa mlangoni.

Lakini ukiliita jina ambalo halikuzaliwa popote
mfumo hausemi "huyu simjui".
Hauguni. Hauwashi taa nyekundu.
Unasema hapana,
kwa sauti ileile ya hapana nyingine zote,
na ujenzi unaendelea.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo.
Hiki hakikuwa nao.

Ndipo Maarika akaandika skripti, mistari tisini,
vidole vimechomoza kwenye glavu zilizokatwa ncha.
Kapu la kwanza: majina yote yaliyozaliwa.
Kapu la pili: majina yote yanayoitwa.
Toa la kwanza katika la pili,
kisha inama uone kilichobaki chini.

Yalibaki mia mbili na kumi na moja.
Tuliogopa, halafu tukacheka.
Mengi yalikuwa maneno ya pembeni tu,
mifano ya kumfundishia mgeni:
SINU_NIMI, yaani jina lako, mara thelathini na nne.
Mengine yalikatwa mkia na mstari uliovunjika.
Akapepeta, chuya huku, mchele huku,
yakawa kumi na saba,
yakawa manne,
na karibu na saa sita likabaki moja.

TALVE_ANDUR.
Kihisi cha majira ya baridi.

Ülo ndiye aliyekibadili jina, miaka kumi na moja nyuma,
kabla hajastaafu akafuge nyuki Võru.
Alitaka kiitwe KYLMA_ANDUR, kihisi cha baridi,
kwa kuwa baridi ya kwao haingoji majira.
Alibadilisha mahali arobaini na mbili.
Pa arobaini na tatu pakamponyoka,
na hapo ndipo ilipolala amri ya kuwasha nyaya za ngazi.

Miaka kumi na moja, basi,
Kaupo wa manispaa amezipanda ngazi zile alfajiri
na ndoo ya chumvi,
akiamini ngazi ndivyo zilivyo.
Sisi nasi tuliamini nyaya ni dhaifu.
Tulishazing'oa na kuweka mpya mara mbili.

"Rekebisha," nikamwambia. "Ni neno moja."
Maarika hakugusa kitu.
"Kipande hiki kimelala muda wote huo," akasema.
"Unajua kitaamka na akili gani?"
Akamimina chai iliyokwisha poa, akainywa hivyohivyo.
Kisha akabadilisha, akajenga.

Mashine ikakataa.
Mstari wa nane: nuktamkato haipo.

Ülo asingeiacha; wakati wake kipande kilikuwa macho.
Basi kuna aliyepita baadaye, akafagia, akapanga,
akaidondosha nukta yenye mkia
mahali ambapo hapakuwa na wa kumwambia.
Maarika akauliza historia ya faili:
nani aliugusa mstari huu mwisho?

Akageuza skrini polepole, ili nisome mwenyewe.
Tarehe ya miaka sita iliyopita, Ijumaa, jioni.
Jina langu, herufi zote sahihi.
Na chini yake ujumbe niliouandika kwa haraka ya kwenda nyumbani:

"Usafi mdogo. Hakuna kitakachobadilika."

Na kweli, hakuna kilichobadilika.