Hesabu ya Hilja

Kitunguu hiki hakitoi ua, hakijui mbegu.
Ukikizika kimoja mwezi wa tano,
majani ya mbetula yakiwa madogo kama sikio la panya,
mwezi wa nane unafukua saba, pengine tisa,
vimebanana mgongo kwa mgongo
kama watoto waliolazwa kitanda kimoja kwa baridi.
Ganda lake rangi ya kutu. Ukali wake, usiseme.

Bibi Hilja alivuka navyo mwaka wa arobaini na nne,
mpaka wa nchi ulipohama ukamwacha upande usio wake.
Gari la farasi, ng'ombe Mansikki nyuma kwa kamba,
saa ya ukutani imeviringishwa ndani ya blanketi,
na soksi moja ya sufu, nzito, ikining'inia shingoni.
Askari wa njiani akauliza: dhahabu?
Akajibu: mchuzi.

Huku Savo walimpa shamba lenye mawe kuliko udongo.
Akayatoa mawe. Akaipanda soksi.
Na tangu siku hiyo akawa bahili.
Angekugawia maziwa, angekuazima farasi,
ila kitunguu kizima hakikutoka mlangoni kwake.
Kilichopikwa, kula ushibe. Kizima, hapana.
Kila vuli alivihesabu mezani kwa sauti
akavirudisha soksini, juu ya jiko, karibu na bomba la moshi.

Oiva, baba yangu, alikuwa na miaka kumi na tisa
alipoiba viwili.
Pete hakuwa nayo. Ng'ambo ya ziwa alikuwapo Taimi,
aliyewahi kusema, kwa mzaha tu,
kwamba supu ya kwao ina ladha ya maji.

Bibi alihesabu. Akahesabu tena.
Akamtazama paka.

Kisha kikaja kile kiangazi cha mvua,
wiki sita bila jua,
kuoza kukapanda kutoka kitakoni, laini, kijivu,
hakikubakia hata kimoja.
Soksi ikakaa msumarini kama mguu usio na mtu.
Bibi hakulia. Alichemsha viazi kwa chumvi,
na mezani hakuna aliyethubutu kutamka neno ladha.

Jumapili Taimi akaja kwa makasia,
beseni la bati miguuni.
Arobaini na vitatu.
Akaviweka mezani bila maelezo.
Bibi akaokota kimoja, akakikwangua kwa ukucha,
akakinusa mpaka machozi yakamtoka
(na nani atamsuta mtu kwa machozi ya kitunguu?).
"Oiva, ulichukua vingapi?"
"Viwili."
"Mjinga. Ungechukua vitano."

Mimi nimezaliwa katika hesabu hiyo.
Mwaka huu nimempa mleta barua vitatu,
na jirani mpya, aliyehamia kutoka Basra, sita.
Amevigeuzageuza kiganjani, akaguna,
akasema vya kwao vimoja ni kama ngumi.
Nikamwambia: subiri mwezi wa nane.