Upande wa Denzil

Alhamisi, mvua ya mshazari, ukumbi wa Wamethodisti wa Carn Hendra,
kaskazini mwa Cornwall. Watu kumi na wanne, na mbwa aliyelowa.
Nikapanga mezani ndizi, kokoto la itale,
saa kuukuu ambayo akrabu zake hung'aa gizani,
na mashine ya kuhesabia, saizi ya mche wa sabuni.
Nikaiwasha kabla sijasema neno.
Tik. Kimya. Tik-tik. Kimya kirefu. Tik.

"Ina kwikwi," akasema Tamsyn, wa miaka saba.

Naam, ina kwikwi.
Haijaelekezwa popote, na bado inashtuka,
maana mionzi haina siku ya mapumziko:
ardhi inaleta yake, anga linaleta yake,
hata mwilini mwako mna chumvi inayopasuka kidogo kidogo
tangu hujajua kuitwa jina.
Ila kuna manyunyu na kuna gharika.
Kazi yangu ni kukinga kikombe
na kusoma kimefika wapi.

Ndizi ilituangusha, mashine haikuijali.
Saa ndiyo iliyofanya fujo, kama karanga kikaangoni,
na viti vyote vikarudi nyuma.
Nilikuwa nimeanza kufurahia.

Ndipo Loveday Pengelly akasimama, koti bado limefungwa vifungo:
"Mume wangu alichimba bati chini ya kilima hiki miaka thelathini.
Alikufa anakohoa. Sigara hakuijua.
Hebu niambie habari za ndizi."

Mashine ikaendelea na kwikwi zake. Haina adabu.

Nikairudisha ndizi mfukoni.
Nikamwambia: itale ina chembe za urani, na urani ikichakaa
huzaa hewa, jina lake redoni.
Haina rangi, haina harufu, haibishi hodi.
Huko nje upepo huichukua.
Ndani, tulikoziba madirisha kwa mpira tukiogopa baridi,
nyumba huivuta kutoka chini ya sakafu
kama mtu anayekunywa uji kwa mrija.
Denzil alikufa kwa nini, sikuweza kumwambia.
Kipimo hakirudi nyuma.

Nikampa vipimo viwili, vidude vyeusi vya plastiki,
kama vifuniko vya chupa ya chai.
Kimoja sebuleni, kimoja chumbani, miezi mitatu.
Usivihamishe. Usifungue madirisha kwa ajili ya kunifurahisha mimi.
"Cha chumbani," akasema, "nitakiweka upande wake."

Maabara huiogesha ile plastiki katika magadi makali
mpaka makovu yatokeze: kila chembe iliyopita
imeacha kishimo chake. Mtu hukaa akavihesabu.
Mstari tuliouchora ni bekereli mia mbili kwa mita ya ujazo.
Sebule yake: mia moja na arobaini.
Chumba: mia tisa na kumi.

Aliisoma barua amesimama mlangoni, akaikunja mara nne.
"Kumbe sikuwa nalala peke yangu."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
fundi Petroc aliinama siku mbili,
akachimba shimo la ukubwa wa ndoo chini ya sakafu,
akapitisha bomba, akafunga feni.
Tukapima tena. Hamsini na tano.
Feni huvuma usiku kucha, anasema,
kama mtu aliyelala na hakohoi.

Majirani kumi na mmoja wameomba vipimo.
Yeye ameomba kile chake cha kwanza, cha chumbani.
Nikamwambia hatuna desturi ya kuvirudisha;
na hayo makovu, jicho tupu haliyaoni,
mpaka hadubini.

"Basi," akasema, "Alhamisi njoo na hadubini.
Na ndizi zako uache nyumbani."