Kibati

Mashine mbili za kukaushia, nyumba ya wageni, Barani, Malindi.
Moja ni Bertoldi, herufi za fedha kifuani,
bosi huipangusa kwa kitambaa cha peke yake.
Ya pili ni Nyotasafi. Haina wa kuisifia;
hukausha sare zetu na matambara ya deki.

Leo Bertoldi imegoma,
shuka kumi na mbili zimelowa tumboni.
Fundi Bwanaheri kaufungua mgongo,
kapuliza vumbi, kaniita:
"Mbeyu, njoo unisomee."
Kibati kidogo, kutu pembeni:
jina la kiwanda, nambari,
mji ambao ulimi wangu umeushindwa.

Akaufungua mgongo wa Nyotasafi.
Kibati kile kile.
Kumbe tumbo moja, ziwa moja,
na huku mjini tumewagawia ukoo!

Bwanaheri hakusema neno.
Akachomoa mkanda wa hii, akaivisha ile,
na Bertoldi ikazunguka
kama iliyozaliwa nao.

Bosi katoka, kaipapasa: "Mzungu hadanganyi."

Sare zetu nimezianika uani,
kwenye jua la saa saba.
Hilo nimelitazama hadi machozi,
kibati sijakiona.